Usiifundishe Kompyuta Kunyamaza

Leo ninalo kosa la kuwaungamia, ili wewe mwalimu, karani wa zahanati au mweka hazina wa chama cha ushirika usilirudie.

Parokiani kwetu kila kigango kina faili lake la zaka katika Excel. Mafaili yote yamo katika kompyuta ya chumba cha mhasibu, nami nakaa chumba cha pili. Basi niliandika makro, yaani maagizo ya kuiamuru Excel ifungue faili moja moja kwa njia ya mtandao wa ofisi, ichukue majina ya waliotoa, kisha ilifunge. Kazi ya siku mbili ikawa ya dakika tatu. Nikajisifu.

Jumapili moja orodha ilibandikwa mlangoni pa kanisa. Kigango kimoja hakikuwa na jina hata moja. Kesho yake alikuja mama mmoja mzee, stakabadhi zake amezifunga katika ncha ya khanga.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mimi nilitoa. Mbona majirani wananicheka?”

Sikuwa na jibu.

Nilipochunguza, nilikumbuka kuwa siku ile umeme ulikatika kidogo. Kompyuta zetu zina betri, hazikuzimika. Lakini ruta, kile kisanduku kinachoziunganisha, ilizimika. Zamu ilikuwa ya faili la kigango kile, nalo halikufunguka. Excel ilipochoka kulitafuta, ruta ilikuwa imekwisha kuwaka, na mengine yote yakafunguka vema. Je, mbona makro haikusema? Kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika juu kabisa “On Error Resume Next”, maana yake: ukikuta kosa, lipite, uendelee. Sikutaka kusumbuliwa na maonyo. Nayo ikatii. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Basi makro ya namna hii ikikwama, fanya hivi:

Kwanza, iache makro. Fungua faili lilelile kwa mkono, ukiwa kwenye kompyuta ileile. Likikataa, ubovu uko njiani: ruta, waya, ruhusa, au kompyuta ya pili imelala. Likikubali, rudi kwenye maagizo yako.

Pili, tazama anwani. Kwangu folda ile huitwa Z:, kumbe kwa mwenzangu huitwa Y:. Kila kompyuta hujipangia herufi zake. Andika anwani kamili yenye jina la kompyuta na la folda, kama \\OFISI\Zaka, nayo itaeleweka kotekote.

Tatu, uliza kabla ya kufungua. Agizo la “Dir” hurudisha jina la faili likiwapo, na hurudisha utupu lisipokuwapo. Lakini njia yenyewe ikiwa imekatika, “Dir” nayo yaweza kutoa kosa. Usilifiche hilo pia.

Nne, mahali pa “Resume Next” weka “On Error GoTo”, ukaiamuru makro ikuandikie jina la faili na maelezo ya kosa, kisha isimame.

Tano, hesabu. Vigango ni vingapi? Mafaili yaliyofunguka ni mangapi? Hesabu mbili zisipolingana, usichapishe kitu.

Na makro yenyewe ikiwa imezuiwa kwa utepe mwekundu, usishangae: tangu mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti. Usiondoe kizuizi hicho kama humjui aliyekuletea faili.

Orodha ilibandikwa upya, na kosa likatangazwa kuwa ni la karani. Kwa yule mama nilikwenda mwenyewe, kwa miguu, kuomba radhi. Alinipokea vizuri, akanipa ndizi nile. Lakini nilijua ya kuwa juma zima alikuwa amehesabiwa miongoni mwa wasiotoa, kwa sababu tu mimi sikutaka kusikia maonyo.

Ndugu, chombo kinachopiga kelele kinakusaidia. Ogopa kile kinachokuambia “tayari” huku faili moja limebaki nyuma.