Msimlilie kwa Upole Wake

Kuna sentensi moja ningependa ipigwe marufuku magazetini, redioni na hata makaburini: "Ameacha pengo lisilozibika." Charlie Watts, mpiga dramu wa Rolling Stones, alifariki dunia hospitalini London tarehe 24 Agosti 2021 akiwa na miaka 80, na mashabiki wake wakaiandika sentensi hiyo kwa kila lugha waliyokuwa nayo. Tarehe 26 Septemba bendi ilikuwa jukwaani St. Louis, Marekani, na Steve Jordan amekalia kile kiti. Siku 33! Pengo limezibwa hata arobaini haijatimia. Tena marehemu mwenyewe aliridhia Jordan akalie, kwani mwanzoni mwa Agosti ilikwishatangazwa kwamba matibabu yangemzuia kusafiri, naye akatania kwamba safari hii, kwa mara moja, yeye ndiye aliyekosea kwenda na wakati.

Siwakejeli waliolia. Na mimi nililia. Ugomvi wangu ni wa maneno. Sisi tunaoota kuandika riwaya hatuna mali nyingine, hatuna shamba wala duka, kwa hiyo mtu akichezea maneno mbele ya maiti anatuharibia soko.

Hebu tuone walimlilia vipi. Mpole. Mnyenyekevu. Hakuwa na makuu. Alivaa suti zilizokaa sawasawa wakati wenzake wamevaa matambara ya rangirangi. Alidumu na mke mmoja, Shirley, tangu 1964. Na kile kisa kilichopendwa kuliko vyote: kwamba tangu 1967 alikuwa akichora kila kitanda cha hoteli alicholalia ziarani. Mambo ya kweli hayo, sibishi. Lakini jamani, ukisoma tanzia zile utadhani kuna familia ilikuwa inapeleka posa! Mtu kakaa nyuma ya ngoma za bendi moja tangu Januari 1963, miaka 58, halafu siku anakufa tunasimuliwa tabia na mavazi.

Nani amewahi kuona mwimbaji analiliwa kwa upole? Mwimbaji analiliwa kwa sauti yake, mpiga gitaa la solo kwa vidole vyake. Upole ni sifa tunayoihifadhi kwa wale tunaotaka waendelee kukaa nyuma. Mfanyakazi wa ndani mzuri ni yule asiyejibu. Karani mzuri ni yule asiyedai. Na mpiga dramu mzuri, kumbe, ni yule aliyekufa bila kutusumbua.

Halafu hata huo upole wenyewe mashabiki wameushona wakamvalisha. Kuna kisa cha Amsterdam mwaka 1984, alichokisimulia Keith Richards katika kitabu chake cha 2010. Usiku wa manane Mick Jagger, kalewa, anapiga simu chumbani kwa Watts na kumwulizia "mpiga dramu wangu". Watts anaamka, ananyoa ndevu, anavaa suti na tai, anashuka, anamtandika ngumi. Kisha anamweleza nani ni wa nani. Mashabiki walikitoa kisa hiki kwenye maombolezo ili wacheke kidogo. Mimi sicheki. Kile kivumishi kidogo, "wangu", ndicho kilichompandisha mtu hasira mpaka akanyoa ndevu kwanza. Na katikati ya miaka ile ile ya 1980, kama alivyokiri mwenyewe, alizama kwenye pombe na heroini akatoka kwa taabu. Huyo ni binadamu, si picha ya ukutani. Mwandishi anayemwondolea ngumi na heroini anamzika mtu mwingine.

Sasa alifanya nini hasa? Hapa ndipo tanzia nyingi zilipobabaika, eti "alishika mapigo". Hata saa ya ukutani inashika mapigo. Mtazame Watts katika filamu yoyote ya tamasha. Mkono wa kulia unagonga yale matoazi mawili yaliyopandana, yanayofungwa kwa mguu wa kushoto. Wapiga dramu wengi wa roki huyagonga mfululizo bila kuacha. Yeye, kila mkono wa kushoto uliposhuka kwenye ngoma ndogo yenye sauti kali, pigo la pili na la nne, alikuwa anaunyanyua ule wa kulia. Haugongi. Panabaki nafasi ndogo kabisa, na pigo la kushoto linaanguka peke yake, uchi. Ndiyo maana nyimbo zile zinapumua. Ongeza jambo jingine: katika bendi nyingi wote humfuata mpiga dramu, lakini Stones walilifuata gitaa la Richards, na Watts akiwemo. Basi ngoma inakuja nyuma ya gitaa kwa kiasi cha unywele, muziki unayumba kama mtu anayetoka kilabuni ambaye hadondoki. Kujifunza kuchelewa kiasi kile, si zaidi, ni kazi ya miaka. Wahenga wetu walisema ngoma ivumayo haidumu. Hii haikuvuma, ikadumu miaka 58.

Najua wajuzi watakuja juu. Watasema hakuwa fundi, hakupiga solo ndefu, na kwamba katika "You Can't Always Get What You Want" ya 1969 hakulipata pigo lile, ikabidi prodyuza Jimmy Miller akae kwenye dramu. Ni kweli kabisa. Prodyuza alipiga, wimbo ukatoka, na baadaye majukwaani Watts akaupiga wimbo ule miaka nenda rudi. Kwa hiyo? Wajuzi wa aina hii tunao hata kwenye kurasa hizi. Wanaipima hadithi kwa idadi ya misamiati migumu iliyomo, na mwandishi akiacha nafasi kati ya sentensi mbili wanadhani kaishiwa.

Lakini kuna swali zito kuliko la wajuzi, na nililipata kwa mshikaji wangu mmoja, mtu wa mashairi. "Wewe," akaniambia, "babu wa Kizungu, milionea, anafuga farasi wa Kiarabu huko Devon, kafa na miaka 80, unamlilia nini? Tony Allen alifia Paris tarehe 30 Aprili 2020. Mlimlilia wangapi?"

Swali hilo halijibiwi kwa kusema muziki hauna rangi. Muziki una rangi na una risiti. Tony Allen ndiye aliyeijenga ile Afrobeat pamoja na Fela Kuti, akaondoka mwishoni mwa miaka ya 1970 huku kukiwa na ugomvi wa malipo, na kijana ukimtajia jina lake leo atakuuliza huyo anachezea timu gani. Aibu hiyo ni yetu. Waliomsahau ni sisi, wala Watts hakumnyang'anya waombolezaji.

Tena ukifuata ile ngoma ya Watts mpaka ilikotoka, unajikuta kwa watu wetu. Mwaka 1739 watumwa wa South Carolina waliasi kule Stono, wakatembea na ngoma zao wakiita wenzao. Uasi ukazimwa kwa damu, na mwaka 1740 ikatungwa sheria iliyowakataza watumwa kupiga ngoma. Mabwana walijua ngoma inasema. Ngoma ikahamia miguuni, viganjani, kwenye majembe, kwenye banjo ambayo Waafrika ndio waliokwenda nayo kichwani mwao na kuiunda upya ng'ambo. Huko mbele ikazaliwa blues, na Muddy Waters akaihamisha kutoka Mississippi hadi Chicago. Wimbo wake wa 1950, "Rollin' Stone", ndio ulioipa bendi hii jina.

Sasa sikiliza hili. Watts alikuwa mtoto wa dereva wa lori la reli, pale London. Akiwa na miaka kama 14 alinunua banjo, ikamshinda. Akaing'oa shingo, akaisimamisha ile ngozi iliyobaki, akaanza kuipiga kwa brashi za waya akimwiga Chico Hamilton, Mmarekani Mweusi aliyemsikia kwenye sahani. Yaani ngoma iliyokatazwa ikajificha ndani ya banjo, na mtoto wa Kizungu, bila kujua anachokifanya, akaing'oa banjo ili aitoe ngoma. Ningeliandika jambo hilo kwenye riwaya, mhariri angesema nimezidisha.

Je, walilipa? Walitaja, angalau. Mwaka 1965 walipoalikwa kwenye kipindi cha televisheni cha Shindig! huko Marekani, walitaka Howlin' Wolf naye apewe nafasi, wakakaa chini miguuni pake akiimba. Vizuri. Lakini deni lililotajwa bado ni deni, na utajiri ulikwenda kwa waliokaa chini kuliko kwa aliyesimama. Mwaka huo huo wa msiba, 2021, bendi iliuondoa "Brown Sugar" katika ziara, wimbo uliochezea habari za utumwa kwa furaha isiyo na haya. Shabiki anayelia na kufumba macho kwenye hayo simwelewi. Ninaweza kulia huku nashika daftari la madeni mkononi.

Na tukiwa kwenye daftari, tufungue ukurasa mwingine. Tazama majina ya watunzi kwenye sahani za Stones: Jagger na Richards, Jagger na Richards, mpaka macho yanachoka. Mwanzoni kabisa kulikuwa na jina la kubuni, Nanker Phelge, kwa kazi walizotunga pamoja kama kundi, kisha likatoweka. Katika biashara ya muziki, utunzi ni maneno na tuni. Pigo halihesabiwi. Ile nafasi aliyoiacha Watts kati ya mkono na mkono, ambayo bila hiyo wimbo ungekuwa wimbo mwingine, si mali ya mtu. Sisemi alikufa maskini, farasi wale hawakula hewa. Nasema sheria haikuwa na neno la kuitaja kazi yake, na siku ya msiba mashabiki nao hawakulitafuta. Wakasema mpole.

Na sisi ndio wa kuwa na neno hilo, wenye lugha ambayo ngoma ni ala, ni uchezaji, na ni shughuli nzima ya watu waliokusanyika! Kwa Kiswahili huwezi hata kualika watu bila kumtaja yule wa nyuma. Hata hivyo, nitajie mpiga dramu wa bendi ya dansi unayoipenda. Mwimbaji unamjua, mpiga solo unamjua, wa bezi unamkumbuka kwa tabu. Wa dramu? Nimeuliza kijiweni swali hilo, nikaletewa ukimya wa hali ya juu.

Wale wa St. Louis, kusema haki, walipatia. Taa zilipozimwa usiku ule jukwaa lilikuwa tupu. Likasikika pigo la dramu peke yake, bila gitaa, bila mwimbaji, huku picha za Watts zikipita kwenye skrini. Hakuna mtu aliyekuwa amesema neno bado. Maelfu ya watu waliolipia kiingilio kumwona Jagger wakasimama wakisikiliza kitu ambacho miaka yote walikuwa wanakisikia bila kukisikiliza.

Basi anayetaka kumlilia atafute "Honky Tonk Women" ya 1969, aweke sauti juu. Kengele ya ng'ombe inatangulia, anaigonga Jimmy Miller yule yule, kisha Watts anaingia, na gitaa linakuja baadaye. Asisikilize maneno. Majirani wakianza kugonga ukuta awaache, huenda wamelipata pigo la pili na la nne.