Povu Lile Jeupe la Jerahani

Tumewaona wazazi wengi, nasi tumo miongoni mwao, wakifurahi dawa ya haidrojeni peroksaidi ifanyapo povu juu ya jeraha la mtoto. Twadhani ni vijidudu vinavyokufa. Sivyo. Damu na nyama zetu zina kimeng'enya kiitwacho katalesi, ambacho huivunja peroksaidi ikawa maji na oksijeni. Na povu ni oksijeni hiyo. Mwili wenyewe huizalisha sumu hii kidogo kidogo kila siku, na katalesi ndiye mmoja wa walinzi wake.

Katika miaka ya 1940 huko Japani, Daktari Shigeo Takahara alimpasua msichana aliyeoza kinywani, kisha akammiminia dawa hiyo. Povu halikutoka, bali damu iligeuka nyeusi. Kwanza alidhani amepewa chupa siyo. Kumbe damu ya mtoto yule haikuwa na katalesi, na baadhi ya ndugu zake vivyo hivyo! Habari hiyo ilichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1952. Tangu hapo imeonekana kwamba wengi wenye upungufu huo huishi salama.

Lakini dawa ya chupani ni kali kuliko ile ya mwilini. Ikimiminwa kila siku huunguza hata nyama mpya inayoota, na kidonda hukawia kupona. Kwa mkwaruzo wa kawaida twatumia maji safi yatiririkayo na sabuni. Jeraha la kina twalipeleka kwa tabibu.