Mama Aliyeachwa Nje ya Uzio

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya picha mbili za sinema tulizoonyeshwa ukumbini muhula huu, na juu ya mabishano yaliyofuata bwenini hata matroni akaja kutuzimia taa. Hadithi ni moja, picha ni mbili, na zote mbili zaitwa Stella Dallas. Ya kwanza ni sinema bubu ya mwaka 1925, iliyoongozwa na Henry King. Ya pili ina sauti, nayo iliongozwa na King Vidor mwaka 1937. Zote zilitoka kwa tajiri mmoja wa sinema, Samuel Goldwyn, naye aliichukua hadithi katika kitabu cha Bibi Olive Higgins Prouty.

Kwa wale waliosinzia ukumbini (nao hawakuwa wachache, hasa wakati wa ile isiyosema), mambo yalikuwa hivi. Stella ni msichana wa hali ya chini huko Marekani, akaolewa na Stephen Dallas, kijana wa ukoo bora. Wakapata binti, Laurel, kisha mume akahamia mbali. Stella anampenda mtoto wake kupita kiasi, lakini kicheko chake ni kikubwa, nguo zake zina marembo mengi, na watu wa heshima hawamtaki. Mwisho anajiona kuwa yeye ndiye kizuizi cha binti yake. Basi anajisingizia kuwa amemchoka mtoto na anataka kuolewa na mlevi mmoja, ili Laurel aende kwa baba yake na mke wake mpya, Helen. Siku ya harusi ya Laurel, mama anasimama mvuani nje ya uzio, akitazama dirishani, hata askari anamwambia aondoke.

Bwenini karibu wote walilia, na karibu wote walisema, huyo ndiye mama! Mimi nilikataa, na hata leo nakataa.

Kwanza niseme kwamba kwangu mimi picha bubu ndiyo bora. Wenzangu walinicheka. Lakini ikumbukeni siku ya kuzaliwa kwa Laurel: meza imeandaliwa, viti vimepangwa, na mtoto hata mmoja haji, kwa sababu wazazi wao hawamtaki Stella. Belle Bennett, aliyekuwa Stella, na Lois Moran, aliyekuwa Laurel na umri wake wakati huo miaka 16 tu, hawana sauti ya kutusaidia. Tunabaki na nyuso zao. Tena aibu yenyewe ndivyo ilivyo. Mtu mwenye aibu hasemi kitu.

Hata hivyo picha ya pili inaishinda ya kwanza kwa jambo moja. Barbara Stanwyck anapofungua kinywa, tunasikia kwa masikio yetu kile ambacho matajiri wanakidharau, yaani namna yake ya kusema. Mwigizaji huyo mwenyewe alifiwa na mama yake akiwa mtoto wa miaka minne, na huenda ndiyo sababu hakuifanya kazi hii kwa mzaha. Usiku ndani ya gari moshi, Stella amelala kitanda cha chini na Laurel cha juu. Wasichana wengine wanamsengenya mama yule, na wote wawili wanasikia. Laurel anashuka kumwangalia. Mama anajifanya amelala.

Hapo ndipo mimi niliposhindwa kutazama. Mwaka jana, siku ya wazazi kututembelea, mama yangu alifika amechelewa, kanga yake ina vumbi, na kikapu chake kinanuka dagaa, maana dagaa ndiyo biashara yake na ndiyo ada yangu. Rafiki zangu wakaniuliza, "Nani yule?" Nikajibu, "Jirani yetu wa nyumbani." Mama alikuwa hatua nne tu kutoka pale. Alikuwa anafungua kikapu, akaendelea kukifungua. Tangu siku ile hajaja tena. Humtuma kaka yangu na vitu, na salamu kwamba shughuli zimezidi sokoni.

Ndiyo maana siwezi kuisifu safari ya Stella kwenda mvuani. Picha zote mbili zinatuliza kwa ajili yake, na machozi yetu yanatufanya tuwasahau walio ndani ya nyumba. Wao wamepoteza nini? Hapana. Helen ni mama mwema, sikatai. Katika picha ya 1937 yeye ndiye anayeagiza mapazia yasifungwe ili Stella apate kuona. Lakini mlango ulikuwapo! Mtu aliyejua kuwa Stella huenda yuko nje angaliweza kutuma mtumishi na mwavuli. Laurel naye hakuulizwa kitu tangu mwanzo. Alidanganywa ili apate raha, na raha hiyo akaitwa bahati yake.

Mwenzangu mmoja alinijibu kwamba bila uongo ule Laurel asingepata maisha mema. Huenda. Ila yule msichana alishuka kitandani usiku ule, akajipenyeza kando ya mama yake akalala naye. Alikwisha kuchagua. Mimi sikushuka.

Wazazi mtakaosoma gazeti hili, mkiona mtoto amewatazama kwa jicho la pembeni siku ya kututembelea, nawaomba msirudi nyumbani kwa kumhurumia. Kaeni hapo hapo kwenye benchi, mfungue kikapu, mumwite kwa jina lake la nyumbani mbele ya wote.

Siku ya wazazi ya muhula huu imebaki wiki mbili. Nimemwomba matroni ampigie mama simu, amwambie kwamba nataka aje mwenyewe, asimtume kaka, na aje na dagaa. Matroni amesema amempigia. Mama aliuliza kama mimi ni mgonjwa.

Wako,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne