Lebo za Watumiaji na Sarufi ya Kiswahili: Nani Azichunge?

Tangu mwaka 2003, Delicious ilipowaruhusu watumiaji wa intaneti kuzipa kurasa walizozihifadhi maneno ya uchaguzi wao wenyewe, kazi ya kuainisha maarifa imeanza kuwatoka wakutubi na kuingia mikononi mwa umma. Maneno hayo tutayaita lebo. Pamoja na uhuru huo yamezuka malalamiko kwamba lebo zinatumiwa vibaya, kwamba hazina nidhamu, na kwamba zinapaswa kuchujwa. Maoni yetu katika makala haya mafupi ni kwamba, kwa upande wa Kiswahili, kinachoitwa matumizi mabaya aghalabu ni sarufi tu. Na ubaya halisi uliopo hutendwa mara nyingi na watu wasioshukiwa.

Tuanze na sarufi. Watumiaji wawili wa Kiingereza wakiandika lebo moja, huyu kwa umoja na yule kwa wingi, maneno yao kwa kawaida yatakaa jirani katika orodha ya kialfabeti, kwa kuwa tofauti iko mwishoni. Katika Kiswahili tofauti iko mwanzoni. "Kitabu" na "vitabu", "mwalimu" na "walimu", "ukuta" na "kuta" hutupwa mbalimbali, na programu iliyoundwa kukata herufi za mwisho haiwezi kuyaunganisha. Tatizo lenyewe si geni kwa wanaleksikografia. Johnson, katika kamusi yake ya 1939, aliviweka vinyambuo vingi chini ya mizizi yake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya 1981 ikayapanga maneno kwa herufi zake za mwanzo, viambishi vikiwemo. Kila uamuzi ulikuwa na gharama yake. Lakini mtunga kamusi huamua mara moja, ilhali watumiaji huamua kila siku na kila mmoja kivyake. Kadhalika huyu ataandika "kompyuta" na yule "tarakilishi". Msimamizi anayeifuta moja ili ibaki nyingine hudhani anasafisha. Kumbe anafuta ushahidi wa isimujamii ambao wanafunzi wetu wa uzamili huutafuta kwa hojaji, nauli na jasho.

Je, nia mbaya ni kubwa kiasi gani? Mwaka 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliweka picha zake zaidi ya 3,000 katika Flickr, ikawaalika watu wazipe lebo. Kufikia Oktoba mwaka huo lebo zaidi ya 67,000 zilikuwa zimeongezwa, na mambo yaliyobidi kuondolewa kwa kukosa adabu, maoni pamoja na lebo, hayakufika 25. Ni kweli kwamba picha za kale hazichomi kama siasa za leo. Hata hivyo idadi hiyo inatosha kutuonya tusijenge gereza kwa ajili ya wahalifu wachache.

Gereza linalopendwa zaidi ni orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku. Chukua neno "madoadoa". Nchini Kenya neno hili lilitumiwa katika siasa za uchaguzi kuwataja watu walioonekana kuwa wageni katika maeneo fulani, hasa Bonde la Ufa, na mwaka 2022 Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ililiingiza katika orodha yake ya maneno ya chuki. Hakuna mwenye busara atakayepuuza sababu zake. Lakini programu isiyojua pragmatiki itaifuta lebo hiyo chini ya picha ya chui kama itakavyoifuta chini ya picha ya jirani anayetishwa. Maana ya lebo haimo katika neno peke yake, imo katika uhusiano wa neno na kile lilichobandikwa.

Wataalamu nao hawana kinga. Sanford Berman, mkutubi Mmarekani aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Zambia, alionyesha katika kitabu chake cha 1971 kwamba vichwa vya mada vya Maktaba hiyohiyo ya Bunge viliwaita Waafrika kwa jina ambalo Kusini mwa Afrika ni tusi zito. Lebo hiyo haikubandikwa na mhuni, ilibandikwa na ofisi.

Hapa ndipo tunapofika kwetu. Katika hifadhi za matini za kielektroniki, ambako wachangiaji huruhusiwa kuyapa maneno lebo, msomi mwenye nia njema anapokutana na "mato" kwa maana ya macho, au "ndoo" kwa maana ya njoo, hubandika "kosa". Hayo si makosa. Ni Kiswahili cha Lamu na Mombasa, kilichokuwa na tungo zake kabla ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kukichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji. Zamani hukumu ya namna hiyo iliishia pembezoni mwa daftari la mwanafunzi. Leo hifadhi hizo zinaweza kutumiwa kuzifunza mashine lugha, na kilichoandikwa "kosa" huchujwa kwanza. Lahaja inaweza kutoweka katika mashine wakati wasemaji wake wangali hai.

Tufanye nini? Stack Overflow huwataka watumiaji wawe na alama 1,500 za sifa kabla ya kuunda lebo mpya. Utaratibu huo unafaa pale ambapo msamiati ni wa kiufundi, ila kwetu ungewapa waliotangulia mamlaka ya kuwanyamazisha wasemaji wa pembezoni. Tunaupendelea ule wa hifadhi ya hadithi ya Archive of Our Own: mwandishi huandika lebo apendavyo, kisha watu wa kujitolea huiunganisha na lebo kuu bila kuligusa alilolitunga. Kwa njia hiyo "walimu" huungana na "mwalimu", "mato" na "macho", na kila moja hubaki ilivyo. Lebo za hukumu, kama "kosa" au "kibovu", zitengwe na lebo za maelezo, na asiruhusiwe kuzitumia yeyote asiyetaja lahaja anayoipimia na kutia saini yake. Kazi ya kuunganisha yahitaji watu wanaozijua ngeli na lahaja kwa pamoja, na idara zetu zinao. Kinachokosekana ni kuitambua kazi hiyo wakati wa kupandishwa vyeo, maana hadi sasa mhadhiri anayetumia mwaka mzima kuunganisha lebo huhesabiwa kuwa hakuandika kitu.