Jahazi la Kiritiri

Dada yetu aliye Kiritiri atuandikia: mwanawe amemchongea babu yake wa Lamu jahazi dogo, lakini vanishi imetoka na mabaka, yakwaruza mkononi, na kijana ataka kulitupa.

Asilitupe. Rangi isiyong'aa ina vinyweleo visivyoonekana. Vanishi ikipakwa juu yake hunywewa hapa, ikabaki pale. Aiache ikauke kabisa, alisugue jahazi kwa msasa laini bila kufikia mti, alifute, kisha apake tabaka jembamba mara tatu, kila moja likisubiri lenzake likauke. Vumbi la Mbeere ndilo adui: apake baada ya sala ya alfajiri, upepo ungali umelala, na alifunike kwa kawa. Nguo huacha nyuzi.