Bastola Si Saa ya Mkono

Mwaka jana nililipwa deposti niandike makala kuhusu bastola tano bora kwa anayeanza. Sikuwa nimewahi kushika hata moja. Nikamwomba mjomba, ambaye ana leseni, anipeleke siku anayoenda kulenga shabaha nijionee. Huko ndiko tulikosania na ile makala.

Wanaume wale walibishana karibu saa nzima. Glock au Ceska? Nyeusi ama rangi ya mchanga? Ungedhani ni saa za mkono wanachagua. Halafu mwalimu, mzee mkimya, akachukua magazini ya mmoja wao, akachanganya risasi halisi na za bandia bila kumwambia zimepangwa vipi. Jamaa akalenga. Paa. Paa. Ya tatu ilikuwa ya bandia: tik. Na mtutu, bila chochote kuusukuma, ukainama chini, sote tukiona. Alikuwa anaogopa mshindo kabla haujafika. Risasi zake zote zilikuwa zinapiga chini ya shabaha, na muda wote alikuwa akilaumu bastola.

Wacha niseme basi. Hapa kwetu bastola ya raia imegeuzwa cheo. Shati linainuliwa kidogo kwa baa ili weita aje mbio. Januari 2020 DJ alipigwa risasi shingoni ndani ya klabu hapa Nairobi, na sisi bado tunabishana kuhusu rangi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka uwe na cheti, na ni sawa. Lakini cheti hakijawahi kumfundisha mtu kuvuta kifyatulio.

Ukishapewa hicho cheti, uchaguzi wenyewe ni wa kuchosha, na unafaa kuwa hivyo. Chukua ya milimita tisa, ya saizi ya kati, kama Glock 19. Si kale kadogo ka kuficha kwa mkoba ambako akina dada huuziwa ati ni kepesi. Huo wepesi ndio unarusha mkono! Kishike: kidole kikifika kwenye kifyatulio bila wewe kubadilisha mshiko, umemaliza. Na ujue Glock haina kitufe cha usalama pembeni, kwa hivyo kidole kinakaa nje mpaka umeamua kupiga.

Pesa zingine zote ni za risasi na mwalimu. Mjomba hufanya dakika kumi jioni: risasi ziko chumba kingine, chemba ameikagua mara mbili, anaelekea ukuta wa mawe, anavuta taratibu huku sarafu ikiwa juu ya mtutu. Sarafu isianguke. Miaka minne sasa, na bado kuna jioni inaanguka.

Mteja alitaka bastola tano. Nilimtumia moja na kurasa mbili za mazoezi. Mpaka leo anasema salio atatuma Ijumaa.