Nauli nayo ni dawa

Mtoto wa miaka sita anavimba taya, jino linacheza. Nyumbani wanasema jino bovu, linang'olewa. Wiki mbili baadaye uvimbe umepanda hadi chini ya jicho.

Huenda hiyo ni limfoma ya Burkitt. Limfoma, yaani saratani za mfumo wa tezi, zina makundi mawili makubwa. Ya Hodgkin mara nyingi huja polepole, tezi za shingo zikikua kwa wiki au miezi bila maumivu. Zisizo za Hodgkin, kwa watoto, huenda mbio, na ya Burkitt inazipita zote: seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Daktari mpasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda. Hushamiri penye malaria nyingi, ikihusishwa pia na kirusi cha Epstein-Barr.

Mbio hizo ndizo zinazoifanya isikie dawa upesi. Saiklofosfamaidi, vinkristini na methotreksati ni dawa za miaka mingi, na methotreksati huchomwa pia kwenye uti wa mgongo ili saratani isijifiche huko. Katika nchi tajiri, takriban watoto 9 kati ya 10 hupona. Kwetu hawafiki huko, na sioni haki kuwalaumu wazazi.

Mtazame mama wodini. Siku chache baada ya dripu ya kwanza taya limenywea, na mtoto aliyeshindwa kufumba mdomo anaomba ugali. Kwa macho ya mama, amepona. Nyumbani ameacha wadogo zake na shamba, na fedha ya kukopa imekwisha. Lakini duru za dawa zilizobaki ndizo zinazoua seli zisizoonekana. Akiondoka sasa na kukosa nauli ya kurudi, uvimbe ukirudi huwa mgumu zaidi kutibu.

Wapo wanaosema serikali ikilipa nauli ya mgonjwa huyu, itabidi imlipie kila mgonjwa. Hoja hiyo ina uzito, bajeti ya afya ni finyu. Lakini tiba hii ni ya miezi, si ya maisha, na dawa iliyokwisha kununuliwa hupotea bure mtoto asiporudi. Ningeanza hapa: mama anaporuhusiwa, nauli ya kurudi iingie kwenye simu yake kabla hajatoka getini, na muuguzi ampigie siku mbili kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.